Bolti ndogo iliyoniulia turbo mara mbili

Hii ni ya 2019. Nilikua na Subaru Forester SG5 ya 2005 na nilikua nimetoka tu kuitoa turbo yake ndogo ya TD04 (turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa egzosi ili isukume hewa zaidi kwa injini) nikaweka kubwa zaidi, VF ya Subaru Impreza STI, imetumika, nikainunua Kirinyaga Road, Nairobi. Kompyuta ya injini nayo nikapeleka ipangwe upya, maana turbo kubwa inasukuma hewa nyingi na petroli isipoongezwa pistoni zinatoboka. Gari ikawa tamu jamani, wiki mbili nzima nilikua natafuta sababu ya kutoka tu.

Wiki ya tatu natoka Naivasha, nimepita kale kakanisa ka Mai Mahiu kalikojengwa na wafungwa wa vita Waitaliano 1942, naanza kupanda, nikasikia mlio kama king'ora kiko mbali. Nikakanyaga kidogo mlio ukapanda na mimi, alafu kuangalia kioo, moshi wa bluu, lori lililokua nyuma silioni tena.

Nyumbani nikafungua paipu ya hewa nikashika shafti ya turbo, ile inayobeba feni, kwa vidole viwili. Kucheza kidogo sana pembeni ni kawaida, lakini yangu ilicheza hadi mapanga ya feni yalikua yamekwaruza hausingi, yaani ganda la turbo.

Fundi wa kwanza akaweka bushi mpya (zile zinazoshika shafti) na ringi mpya (zile zinazozuia oili kuvuja), nikalipa. Siku nne moshi ukarudi. Nilikaa ndani ya gari nimeishiwa kabisa, pesa yenyewe ilikua ya kukopa.

Rafiki akanipeleka kwa mzee mmoja Industrial Area, maisha yake yote ametengeneza turbo za malori. Hata hakuigusa. Akaniuliza, "Kijana, oili inaifikia?" Nikasema si injini iko na oili mzee. Akasema hajauliza hiyo. Akachukua spana akafungua bolti inayoshika paipu ya oili kule nyuma ya silinda hedi, ile yenye tundu katikati, akatoa ndani yake kachujio ka waya kadogo kuliko kifuniko cha kalamu, akakaweka kwa mwanga. Mwanga haukupita. Kalikua kameziba na masizi meusi kama lami.

Akanieleza taratibu kama mwanawe. Shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na haifai kugusa bushi, inaelea juu ya oili, ikikosa oili sekunde chache tu ni chuma kwa chuma. Na mimi ndio nilikua nafikisha kilomita 10,000 bila kumwaga oili, tena nikifika nazima gari hapo hapo ikiwa ya moto, oili inaungulia mle ndani.

Jumamosi tukaifungua pamoja. Aliweka alama kwa shafti, feni na nati kabla ya kulegeza chochote, ili virudi vile vilikaa. Mimi nikaanza kuvuta nati, akanishika mkono: "Pole pole, hiyo inafunguka kinyume." Shafti ilikua na mistari unaisikia kwa kucha. Akakataa kabisa kuirudisha hata nilipombembeleza, tukatafuta nyingine, na hiyo na feni yake zikapelekwa kubalansiwa kwanza. Kuingiza zile ringi nyembamba pekee ilinichukua karibu nusu saa, mikono inatetemeka.

Tukamwaga oili yote, filta mpya, bolti mpya, paipu ikaoshwa ndani hadi ikatoa maji safi ikapulizwa ikakauka. Mzee akamimina oili kwa mdomo wa turbo huku anazungusha feni na kidole, akachomoa waya wa sensa ya krenki, ile inayoambia kompyuta injini inazunguka, nikapiga stata bila injini kuwaka hadi taa ya oili ikazima. Ndio akarudisha waya. Ikawaka, moshi ukatoka, moyo ukanishuka, akasema ni ule uliobaki kwa egzosi, ngoja. Tulingoja kama dakika kumi hivi hatusemi kitu. Ukaisha.

Wiki iliyofuata nikarudi Mai Mahiu peke yangu, redio nimezima, madirisha wazi, gia ya tatu, nasikiliza tu. Filimbi laini, kioo cha nyuma kisafi. Juu pale watu husimama kuangalia bonde nikaegesha, Mlima Longonot uko pale mbele, nikaiacha injini ingurume taratibu dakika mbili ndio nikageuza ufunguo.