Kuni za Kiangazi, Moto wa Masika

Jumamosi, Septemba

Leo nimechanja kuni tangu asubuhi, nyuma ya jiko. Ni mti wa mtundu ulioangushwa na upepo shambani kwa mjomba, Uyui. Vijana walishaukata mapande kwa msumeno, mkokoteni wa ng'ombe ukauleta hadi hapa Ipuli. Nataka kazi hii iishe mapema, maana Novemba mvua ikishafungua, Tabora ni maji hadi Aprili, na gogo zima likilowa halikauki tena kwa haraka. Likipasuliwa, upepo unapata pa kupita.

Mtundu ni mti mgumu, lakini ukiusoma unakubali. Kabla ya kuinua shoka naangalia uso wa pande: jua limeuchora nyufa nyembamba kutoka kwenye moyo mwekundu kwenda kwenye ganda. Ufa ndio njia. Pande nene silipigi katikati, naanzia pembeni na kulizunguka, vipande vinabanduka kimoja kimoja mpaka moyo unabaki peke yake. Penye fundo, pale tawi lilipochomoza, nyuzi zimejisokota na shoka linanasa. Hapo naleta kabari na nyundo, naigongea mbali na fundo, nasikiliza. Mlio ukibadilika kutoka mkavu kuwa mzito, najua limeanza kuachia.

Mama amepita na ndoo, akasimama kutazama.

"Mwanangu, usizifanye nene. Mimi napika, sikaushi tumbaku."

Amesema kweli. Amepika kwa kuni maisha yake yote, na masika yaliyopita nilimwona anapuliza moto huku machozi yanamtoka, kuni zinatoa povu kwenye ncha. Kuni mbichi kwanza inatumia moto wake kuchemsha maji yaliyomo ndani yake. Jiko linapoa, na ule moshi ambao ungegeuka mwali unapaa haujaungua, unaingia kifuani kwa mpishi. Sufuria haichemki, anaongeza kuni nyingine, na nyingine. Mzigo wa siku tatu unakwisha kwa siku moja na nusu, halafu mtu anarudi porini. Ndiyo maana naona kuchanja na kuanika ni sehemu ya kutunza msitu, kama ilivyo kupanda miti.

Msitu huo unaniuma. Ukishika njia ya Urambo unaona magogo yamerundikwa kando ya mabani, vile vibanda vya kukaushia tumbaku kwa moto, mengine manene kuliko kiuno cha mtu. Tumbaku imesomesha wengi katika mkoa huu, silipingi hilo. Lakini miyombo, yaani mtundu na miti ya jamii yake, haifi kwa shoka peke yake. Kisiki cha mtundu kinachipua upya chenyewe, mizizi iko hai. Kinachokimaliza ni moto wa kila kiangazi na jembe linalokuja nyuma yake, hakipewi miaka ya kupumua. Na mwezi huu, mvua hata haijanukia, mitundu iliyobaki imevaa majani mapya mekundu, na nyuki wanaotupa asali ya Tabora wana kazi kwenye maua yake. Ningependa kila mwenye bani aache visiki vyake vichipue, na apande miti yake mwenyewe ya kuchoma.

Mchana nimepanga. Mawe chini, fito mbili juu ya mawe, ili mchwa wasipate daraja la ardhi. Kuni zimekaa msalaba kwa msalaba, bati juu tu, ubavuni wazi. Ganda lililobanduka nimelikusanya kando kwa kuwashia.

Mama amegonganisha vipande viwili, akasikiliza. "Bado hazijakauka," akasema, na kuvirudisha juu ya rundo. Zile za mafundo ameagiza ziwekwe peke yake, za kuchemshia maharage. Nyembamba zote ziende karibu na mlango, na kesho baada ya kanisa nimalize mapande yaliyobaki chini ya mwembe.