Tumeukuta tu

Ni Jumamosi usiku, mvua inanyesha, watoto wamelala. Baba Watoto anapanga makaratasi yake mezani, nami nimejisogeza jikoni kwenye jiko la mkaa, maana baridi ya hapa Njombe mnaijua. Tangu Jumapili iliyopita kuna maneno mawili yamenikaa kooni, na aliyeyatamka ni mimi mwenyewe: "Tumeukuta tu."

Ibada ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nafunika kinanda kwa ile kanga ya marehemu Mama. Akanijia mwalimu wa kwaya ya wageni, mtu mzima, mpole, shati limelowa jasho la kuongoza nyimbo nne mfululizo.

"Bwana Yesu asifiwe, dada."

"Amina, kaka. Karibuni sana."

"Asante. Ule wimbo wenu wa mwisho umenigusa. Mmeutoa wapi?"

"Tumeukuta tu."

"Ahaa. Nilijua tu ni wa zamani. Naomba nota zake."

Nikampa daftari. Akapiga picha ukurasa kwa simu, akashukuru, akaenda kula pilau na wenzake.

Wiki nzima nimeyarudia mazungumzo hayo, nikiosha vyombo, nikisahihisha madaftari, nikisubiri daladala. Barua ya uhamisho wa Baba Watoto imefika, anatakiwa kuripoti Songea mwanzoni mwa mwezi, na wakaguzi walikaa shuleni siku mbili, lakini yote hayo yamenipita nikiwa bado nimesimama pale kwenye kinanda. Mmeutoa wapi. Tumeukuta tu. Sina la kumlaumu. Kwaya zetu zinaazimana nyimbo kama majirani wanavyoazimana ungo, na kila mmoja anauliza hivyo hivyo. Alinifungulia mlango, na mimi ndiye niliyeufunga.

Mliosoma nilichoandika mwezi wa sita mnajua ule wimbo ulikotoka: niliutunga mimi. Ulikuwa usiku wa tatu baada ya kumzika Baba, shangazi zangu wamejilaza kwenye mikeka, mimi natafuta karatasi nakosa, nikaandika nyuma ya daftari la maandalio ya masomo. Sauti ya kwanza ilikuja yote kwa mkupuo mmoja. Sauti nyingine tatu zilinichukua wiki mbili. Baba ndiye aliyenifundisha nota, do re mi, nikiwa nimekaa mbele yake kwenye kinanda cha kukanyaga cha kanisani, miguu yangu haifiki chini, yeye anakanyaga na kunipigia mapigo mgongoni kwa kidole kimoja. Hadi leo nikipoteza pigo nakisikia kile kidole. Sasa mtu ananiuliza wimbo wa Baba nimeutoa wapi, nasema nimeukuta!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kila mwaka mimi ndiye ninayesimama mbele ya darasa la sita kuwaeleza habari za Enoch Sontonga, aliyetunga sauti ya wimbo wetu wa taifa. Watoto wanaimba wimbo wa taifa kila asubuhi na wanadhani ulishuka na bendera mwaka 1961. Nawaambia hapana, sauti ile ilitungwa mwaka 1897, na aliyeitunga ni mwalimu wa shule kama mimi, mwalimu wa kwaya. Alikuwa Mxhosa kutoka Uitenhage, Afrika Kusini, akasomea ualimu katika chuo cha Lovedale, kisha akafundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Alikuwa na miaka 24 hivi. Nyimbo zake aliziandika kwa mkono kwenye daftari, kwa nota zile zile za herufi tunazotumia sisi, d, r, m. Hapo huwa nawachorea ubaoni, na wale watoto wa kwaya wananyoosha shingo kwa sababu wanazifahamu.

Mwaka 1899 wimbo ule ukaimbwa hadharani mara ya kwanza, kwenye ibada ya kumbariki mchungaji mmoja Mmethodisti. Tarehe 18 Aprili 1905 Sontonga akafariki, kijana kabisa, hata miaka 35 hakuifikisha. Wimbo ukaendelea bila yeye. Januari 1912 uliimbwa Bloemfontein kwenye mkutano ulioanzisha chama cha ukombozi kilichokuja kuitwa ANC, na mwaka 1923 mwandishi Sol Plaatje akaurekodi London. Mshairi Mqhayi akauongezea beti. Ukafika kwetu, ukavaa Kiswahili, na sasa mwanangu wa mwisho anauimba akiwa bafuni.

Nikifika kwa mjane huwa naweka chaki chini. Inasimuliwa kwamba walimu wa kwaya walikuwa wakienda kwa mke wake, Diana, kuazima lile daftari, mpaka likapotea, na kwamba haki za wimbo aliziuza kwa peni sita za Kiingereza. Kaburi lenyewe halikujulikana lilipo kwa miaka mingi. Waliolitafuta kwenye rejista za makaburi ya Braamfontein walitafuta Sontonga, kumbe aliandikwa kwa jina la Enoch. Septemba 1996 Mandela alilitangaza kuwa kumbukumbu ya taifa. Miaka 91! Huwa nawaambia watoto: andika jina lako juu ya kazi yako, jina lote, la kwako na la baba yako. Nawakata hata alama wakisahau.

Halafu mimi mwenyewe juu ya ule ukurasa sikuandika kitu.

Jumatano usiku ndipo moyo ulipozama kabisa. Picha ile ilitokea kwenye kundi la walimu wa kwaya, na chini yake maneno: "Wimbo wa zamani, mtunzi hajulikani. Unafaa sana kwa misiba." Watu wakaweka vidole gumba. Mmoja akasema bibi yake alikuwa akiuimba. Nilizima simu nikalala na nguo zangu.

Alhamisi alfajiri nikaifungua tena, nikaikuza ile picha mpaka herufi zikawa kubwa kama punje za mahindi. Nikaona. Ubeti wa pili, kwenye neno "nyumbani", sauti ya pili imeandikwa f. Siyo f! Ni m. Sauti ya kwanza iko kwenye s pale, f inamkwaruza kabisa, kama mtu anayekokota kiti wakati wa sala. Tuligundua kwenye zoezi la kwanza, wanakwaya wangu wakarekebisha kwa penseli kwenye karatasi zao, ila kwenye daftari nilisahau kufuta. Alichopiga picha ni daftari.

Sijui niseme nini, ndugu zangu, lakini nilicheka. Nilicheka jikoni peke yangu mpaka Baba Watoto akatoka kuuliza kuna nini. Kwaya karibu ishirini ziko mbioni kujifunza kosa langu, na hakuna anayejua kwamba ni kosa isipokuwa mimi! Mzigo ulitoka kifuani. Huzuni ya jina ningeweza kuimeza, hata mwaka mzima. Ile f, hapana. Baba angeinuka kule aliko.

Nikamwandikia yule kaka. "Shikamoo kaka. Ule wimbo, ubeti wa pili, neno nyumbani, sauti ya pili ni m, siyo f. Naomba uwajulishe wote kabla hawajashika."

Akajibu baada ya dakika tano. "Marahaba dada. Kwangu naona f. Umejuaje?"

Umejuaje. Nililiangalia lile neno muda mrefu kuliko nilivyoliangalia lile la Jumapili. Chai ikapoa. Kisha nikaandika, na safari hii sikupita pembeni: "Kwa sababu niliuandika mimi, wiki tuliyomzika baba yangu mzazi. Nilikosea nilipokuwa nanakili. Ukisambaza upya naomba uweke jina langu na la baba yangu." Nikayaandika yote mawili kwa ukamilifu, kama ninavyowataka darasa la sita, nikatuma kabla sijapata nafasi ya kufuta.

Amejibu kwa sauti. Ujumbe wa dakika mbili na sekunde arobaini. Upo hapo tangu Alhamisi na sijaufungua. Naogopa kidogo, na pia nafurahi kwa namna ambayo sitaki iishe haraka. Nitausikiliza kesho baada ya ibada, nikiwa peke yangu kwenye kinanda.

Leo asubuhi nimekwenda kule bondeni kuangalia viazi. Majani ya chini yana madoa meusi, na yale ya matuta mawili ya mwisho yameanza kukunjamana. Ni ugonjwa wa ukungu, nauona, na mvua hii haionyeshi dalili ya kukata. Dawa iliyobaki haitoshi hata robo ya shamba. Mpigaji ni Baba Watoto, bomba likijaa mimi silibebi mgongoni, na yeye ana siku kumi na moja tu kabla ya basi la Songea.