Siku moja mwisho wa reli: madiski manne, eksteno moja na tangazo la migebuka

Saa 12:30 asubuhi natoka Ujiji na bajaji. Mapajani nina begi, na ndani ya begi kuna eksteno, diski ya nje, ya tera 4 niliyoizungushia kipande cha kitenge cha Kongo. Abiria mwenzangu kabeba ndoo ya dagaa. Tukipiga shimo, yeye anashika ndoo, mimi nakumbatia begi. Diski hii hulala nyumbani. Mwizi, moto au mvua vikiingia chumba changu cha kazi cha Mwanga, hapa Kigoma, kazi za wateja zisiishe zote kwa pamoja.

Saa 2 nafungua. Kazi yangu ni mosheni grafiki: nembo zinazozunguka, maandishi yanayoruka, zile sekunde kumi za mwanzo wa video ya harusi ambapo majina ya maharusi yanachomoza kwenye maua. Fundi cherehani wa mlango wa pili husema mimi nalipwa kwa kukaa. Simjibu, maana mchana atakuja kuchaji simu.

Nusu ya kukaa kwenyewe ni kupanga madiski. C ni SSD, diski ya haraka isiyozunguka, ya giga 500, humo ni Windows na programu tu. D ni NVMe, SSD ya kasi zaidi, ya tera moja, kazi za wiki hii. Kuna SSD ndogo ya giga 250 isiyobeba kitu ila kashe: After Effects, programu ninayotengenezea mosheni, huhifadhi humo fremu (picha moja moja za video) ilizokwisha kuzikokotoa, ili nikirudi kuzitazama isianze upya. Zamani nilirundika vyote C, ikajaa, mashine ikawa inatembea kama mgonjwa wa miguu. Ya nne ni hadidiski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika. Hiyo ndiyo stoo, kazi zilizokwisha kulipwa na matoleo ya zamani. Inasoma kama megabaiti 150 kwa sekunde, wakati NVMe inapita 3,000, kwa hiyo kazi inayopikwa haikai stoo.

Mpaka saa 4 nimefuta kashe ya wiki iliyopita, nimehamisha harusi mbili kwenda stoo, nimekunywa chai na chapati.

Saa 5 anaingia mama anayeuza migebuka ya kukausha, na mpwa wake "anayejua kompyuta".

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Samaki wangu wako tayari?"

Karibu. Tangazo ni la sekunde 30, limebaki kurendwa, yaani mashine ikokotoe video ya mwisho. Hapa nikiri dhambi yangu: jana usiku nilifanyia kazi nyumbani, na video za ziwa bado zilikuwa kwenye eksteno, sijazihamishia D. Nikageuka kumtafutia mama kiti. Kijana akachomoa eksteno, akachomeka flashi yake tundu lile lile, akaona haya, akairudisha eksteno tundu la pembeni. Flashi ikachukua herufi E, iliyokuwa ya eksteno. Eksteno ikarudi ikiitwa F. Programu ikaenda kutafuta video E, ikakuta miziki ya kijana.

Kwenye kioo, palipokuwa na ziwa, pakatokea milia ya rangi.

"Mwanangu, mbona samaki wangu wamegeuka bendera?"

Nikamweleza. Kumweleza kukachukua muda kuliko kutengeneza, maana ukishaionyesha programu faili moja lilipo, mengine ya folda hiyo inayaokota yenyewe. Kijana akasema kwao Dar mambo haya hayatokei. Nikahamishia kila kitu D, nikaanza kurenda, umeme ukakatika.

Hapo saa sijui ilikuwa ngapi. Joto, vumbi, mama anajipepea na bahasha ya risiti zangu. Nashukuru huwa sirendi video moja kwa moja, narenda picha moja moja za PNG. Sekunde 30, kila moja fremu 25, ni picha 750. Umeme uliporudi nilikuta 512 zimekwisha kuandikwa. Ile ya mwisho ilikatikia njiani, nikaifuta, mashine ikaendelea kutokea hapo. Lingekuwa faili moja la video, lingeharibika lote tukaanza sifuri.

Zikaisha. Nikaziunganisha, mama akatazama mara mbili, akakunja uso.

"Hapana. Nataka ile ya kwanza kabisa, yenye maji ya bluu."

Ile ya kwanza ni ya wiki tatu nyuma. Zamani faili zangu ziliitwa mwisho, mwisho2, mwisho_kabisa, na siku kama hii ningelia. Sasa kila toleo lina tarehe na namba. Nikaingia stoo, folda ya migebuka, 01. Haikuchukua dakika moja.

Mama akanitazama. "Kumbe ilikuwapo tayari? Basi leo hukufanya kazi. Nipunguzie."

Tulibishana bei mpaka fundi cherehani akaja kusuluhisha, akaegemea upande wa mama.

Jioni sikumbuki vizuri. Nilibadilisha rangi ya nembo ya duka fulani, kisha nikakaa kusubiri kazi za leo zinakiliwe eksteno. Zile PNG ndizo zinazochelewesha, faili ndogo ndogo huburuta kuliko kubwa moja. Nikaifunga diski kwenye kitenge, bajaji za Ujiji zimeshaanza kuadimika.

Saa 4 usiku, kabla sijala, ujumbe: "Mwanangu, nimewaonyesha watu hapa nyumbani. Wanasema ile ya pili."