Simu inaita, sauti haipiti: mimi na fayawoli ya shemeji

Shemeji yangu ana kiofisi chake cha uwakala wa forodha hapa Tanga, siyo mbali na bandari, na kila Jumatatu asubuhi ana kikao cha video na wateja wa Arusha na Mombasa. Juzi kanipigia, "Shem, hebu njoo uone hii mashine, watu wananiona nimeganda kama picha ya pasipoti." Mi nikajua tu ni mtandao mdogo, nikamalizia mbaazi zangu pale Barabara ya 12, nikadaka bodaboda.

Nilichokikuta sasa. Google Meet inafunguka vizuri, mteja anaingia, jina lake unaliona, halafu sauti inakuja vipande vipande kama ya roboti na picha inasimama, mtu kaachama mdomo hivyohivyo sekunde kumi nzima. Shemeji kwa kudhani hasikiki anapiga kelele mpaka muuza kahawa wa nje anageuka kuangalia kuna ugomvi gani. Lakini fungua YouTube palepale, inatiririka haina neno! Hapo ndo nikaanza kujikuna kichwa.

Nikafanya lile kosa la kila mtu, nikazima fayawoli ya Windows, ule ukuta wa ulinzi wa kompyuta. Maana mtaani ukiuliza jibu ni hilohilo, zima fayawoli. Nikazima, hola. Baadae nikaona aibu mwenyewe, kwa sababu fayawoli ya Windows kama hujaichokonoa haizuii kinachotoka, inazuia kinachojiingiza chenyewe toka nje, na kwenye Meet ni brauza ndo inayotoka kwanza kwenda kwa seva, majibu yakirudi yanaruhusiwa. Nikaiwasha tena fasta kabla shemeji hajaniuliza nafanya nini.

Kilichonisaidia ni kitu cha kijinga kabisa: nikawasha hotspoti ya simu yangu, nikaunganisha kompyuta ileile, tukapiga. Safi kama maji. Kwa hiyo kompyuta haina kosa, kosa liko kwenye mtandao wa ofisi. Anza na hiyo jamani, itakuokolea nusu siku.

Nikarudi kwenye waifai ya ofisi, simu ikiwa hewani nikafungua tabu nyingine kwenye Chrome nikaandika chrome://webrtc-internals, kuna mistari mingi ya kutisha pale ila we tafuta pameandikwa protocol. Ilikuwa imeandika tcp. Ingetakiwa iwe udp.

Hizo ni njia mbili za kusafirisha data mtandaoni, na tofauti yake ni hii. TCP ni kama karani wa stoo, gunia la tano likipotea njiani anasimamisha foleni yote mpaka liletwe, ndo la sita lipite. Kwa barua pepe au faili poa, hutaki lipungue. Ila kwa mazungumzo silabi iliyopotea haina faida tena, bora iende zake tuendelee, na UDP ndo inafanya hivyo, haingoji mtu. YouTube yenyewe haikujali kwa sababu inavuta video mapema inaweka akiba, sasa mtu unayeongea naye utamvuta mapema vipi, hajasema bado!

Basi nikaingia kwenye rauta. Fundi aliyefunga ule mtandao alikuwa kafungulia poti chache tu, ile milango yenye namba ya kupitishia data: TCP 80 na 443 na ile 53 ya kutafuta majina ya tovuti, kwingine kote kapiga kufuli. Simlaumu sana, ni usalama, ila angemwambia mwenye ofisi. Meet ikikosa UDP haikati simu, inajipenyeza kwenye TCP 443 kama mtu anayepita dirishani, ndo maana ilikuwa inaunganika lakini hovyo. Nikaongeza ruhusa ya kutoka kwa UDP 3478 na 19302 mpaka 19309. Kutoka tu, sikufungua chochote cha kuingia. Wa Teams ni UDP 3478 mpaka 3481, Zoom 8801 mpaka 8810. Shemeji kusikia "poti" akauliza kama inahitaji kibali cha bandari.

Na nyie wenye zile simu za mezani za intaneti, yenu inaita mnapokea halafu kimya, mara nyingi ni ndugu wa tatizo hilihili. Mlio unapita SIP, ule utaratibu wa kuanzisha simu, poti 5060, ila sauti inapita RTP kwenye poti zingine kabisa za UDP, kwa hiyo mlio kufika hakumaanishi njia ya sauti iko wazi. Kama rauta ina kitu kinaitwa SIP ALG, kile kinachojidai kurekebisha ujumbe wa SIP ukipita, kizime kwanza, mi sijawahi kukiona kikisaidia mtu.

Tukapiga tena, ule mstari ukaandika udp, mteja wa Mombasa akatokea anacheka, hata feni ya dari kwake unaisikia. Shemeji kwa mazoea akasogea karibu na kioo akaanza kupaza sauti vilevile. Yule bwana akamwangalia, akamwambia, "Sheikh, mbona leo wanifokea?"