Bado ni Alfajiri

Agosti 26, Ncha ya Kusini

Leo nimemwambia Mama kuwa nimeona mwanga.

Intaneti hapa haipatikani kutwa. Setilaiti huibuka upeoni, ikatuhudumia kwa saa chache, kisha ikazama, na kila siku inawahi jana kwa kama dakika nne. Juma hili imeangukia muda ninaowasha majiko, saa kumi na moja kwa saa ya New Zealand, ambayo ndiyo tunayoifuata kituoni. Tanga inakuwa saa mbili usiku. Mama ameshakula, ameketi barazani na simu yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Saa ngapi huko?"

Swali hilo huniuliza kila tunapozungumza, na tangu Machi sijalijibu nikaridhika. Saa zetu za Kiswahili zimefungwa kwenye jua. Likitoka tunaanza kuhesabu, moja, mbili, tatu. Likizama tunaanza upya. Kule nyumbani hesabu hiyo haipotei sana mwaka mzima. Hapa kituo cha Amundsen-Scott jua huchomoza mara moja tu kwa mwaka, mwezi wa Septemba, na kuzama mara moja, mwezi wa Machi. Nikimwambia Mama ni saa kumi na moja alfajiri, nasoma tu kilichoandikwa ukutani. Na madirisha yenyewe tumeyaziba kwa maboksi, taa zetu zisije zikaharibu kazi ya darubini na ya kamera zinazopiga picha za aurora, ile mianga ya rangi angani.

Ndege ya mwisho iliondoka katikati ya Februari. Tumebaki arobaini na tatu, na nyingine hatuitarajii mpaka mwishoni mwa Oktoba. Katika miezi hii nimeelewa kwamba watu wa hapa wanaijua asubuhi kwa harufu ya mkate. Nikichelewa kutoa mikate, watu hutangatanga kwenye korido kama waliopotea. Kwa hiyo sichelewi. Niliyafanya mapishi miaka tisa hotelini Denver, lakini sijawahi kupika nikiona uzito wake namna hii.

Na jiko la hapa lina mambo yake. Tuko mita 2,835 juu ya usawa wa bahari, karibu zote zikiwa barafu, na hewa ni nyepesi. Maji yanachemka kabla hayajawa moto wa kutosha, kwa hiyo maharage ukiyaweka kwenye sufuria ya kawaida yatachemka kutwa na bado yatakuwa magumu katikati; bila sufuria ya presha huli maharage. Unga nao unaumuka haraka mno, halafu unanywea. Mwezi wa kwanza nilitupa mikate mingi, na iliniuma, kwa sababu kila kilo ya unga imeletwa kwa ndege. Sasa napunguza hamira na kuongeza maji. Nyama naitoa ghala la chini siku kadhaa kabla, maana imeganda kama jiwe. Maji yenyewe yanatoka kisimani, kisima kilichoyeyushwa ndani kabisa ya barafu kwa joto la jenereta. Chai tunayokunywa ni theluji iliyoanguka karne nyingi zilizopita. Kuoga ni mara mbili kwa wiki, dakika mbili za maji. Nikisuuza mchele najikuta natazama maji yanavyokwenda.

Jana, baada ya chakula cha mchana, niliwafuata wenzetu wanaopima hewa, nione wakirusha puto. Nyuzi 63 chini ya sifuri. Njia imepangwa bendera kwenye mianzi, nawe unatoka mwanzi mmoja hadi mwingine. Kope zinagandana, pumzi inasikika ikiganda kando ya sikio. Kati ya bendera mbili nikainua uso, na pale chini kabisa palikuwa na mstari wa rangi ya chungwa iliyofifia, mwembamba kama uzi. Nilisimama mpaka vidole vikaanza kuuma. Mstari ule hautulii mahali pamoja; unazunguka upeo wote, na baada ya saa ishirini na nne unarudi ulipoanzia.

Wenzangu wakanieleza jambo ambalo limenikaa moyoni. Puto lile linapanda zaidi ya kilomita thelathini likipima ozoni, gesi inayotukinga na miale mikali ya jua, na msimu huu ndio wanaorusha mara nyingi zaidi. Klorini iliyotokana na gesi za majokofu na za makopo ya kupulizia ya zamani imekaa huko juu ikisubiri, na mwanga wa jua unaporudi ndipo inapoanza kuila ozoni. Waingereza waliokuwa kituo cha Halley, huku huku Antaktika, walilitangaza tundu la ozoni mwaka 1985, na miaka miwili baadaye mataifa yakakubaliana huko Montreal kuanza kuzipunguza gesi hizo. Kupona kunakwenda polepole. Jua ninalolisubiri kwa hamu ndilo hilo wanalolipokea kwa vipimo na wasiwasi. Nilishika kamba ya puto pamoja nao mpaka likaondoka gizani.

Haya yote nikamweleza Mama. Akanyamaza kidogo.

"Sasa jua lenyewe limetoka?"

"Bado, Mama. Labda wiki nne."

"Basi bado ni alfajiri huko," akasema. "Ndiyo saa yenyewe hiyo. Kapike, watu wako wasiamke na njaa."

Setilaiti ikazama. Nikanawa mikono, nikatwanga hiliki, maana leo nimewaahidi maandazi.