Jinzi moja ya mtumba, mikoba miwili

Jinzi nzuri ya mkoba mara nyingi ndiyo ile wavaaji wanaipita. Pale soko la Karume, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, namba 38 hadi 42 za kiume zenye mguu mnyoofu hubaki chini ya rundo, na iliyochanika msamba inashuka bei zaidi. Chukua hiyo, msamba hauingii kwenye mkoba. Modo, yaani jinzi za kubana, achana nazo. Mguu wake ni mwembamba, na nyingi zinavutika.

Kuvutika kupime palepale rundoni. Shika kitambaa kwa upana, vidole viachane sm 10, kisha vuta. Kikifika sm 11, rudisha. Kitambaa cha namna hiyo kinafanya mawimbi kwenye mshono, na mkoba ukibeba kilo mbili za mchele unashuka tumbo. Halafu inua goti kwenye mwanga: ukiona nyuzi nyeupe zimebaki peke yake, goti hilo limekwisha. Si tatizo, ilimradi uchakavu haujapanda mapajani.

Wengi huloweka jinzi kwenye maji ya chumvi wakiamini inashika rangi. Haishiki. Rangi ya bluu ya jinzi imekaa juu juu ya uzi, inatoka kwa kusuguliwa. Fua kwa sabuni mara mbili tatu, anika ndani nje, kisha sugua mara 20 kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikipata bluu, rudia. Mteja akivaa shati jeupe na mkoba ukamchafua, hutamwona tena. Bitana, kitambaa cha ndani ya mkoba, nayo iwe ya rangi nzito. Vipande vya kitenge vinavyobaki kwa mafundi vinafaa, ila vifue kwanza visije vikapungua ukubwa baadaye.

Sasa kukata. Mguu una mishono miwili: mmoja umelazwa na kupigwa mistari miwili, mwingine ni wa kawaida uliopigwa overloku, yaani uzi wa kuzungushia ukingo usifumuke. Fungua huu wa pili kwa wembe. Ule uliolazwa uache ubaki katikati kama pambo. Piga pasi, kisha kata kipande cha upana sm 40 na urefu sm 36 kutoka juu ya goti, na kingine kama hicho chini ya goti. Kipande cha goti katikati, kama sm 9, kiweke pembeni. Kwa hiyo mguu mmoja unatoa mkoba mmoja, na suruali nzima miwili. Ukishona pembeni na chini kwa kuacha sm 1.5, kunja kila pembe ya chini iwe pembetatu, pima mstari wa sm 8 unaokatisha mshono, shona juu yake, kata ncha. Hapo mkoba unapata kitako. Bitana kata vipimo vilevile, na mdomo ukunje sm 3 ndani.

Mkanda wa kiuno, ukiufumua mzima, ni mpini tayari wa begani. Mkoba wa pili ununulie mkanda wa begi wa kupimwa kwa mita.

Sindano zinavunjikia hapa: pale mpini unapokutana na mdomo, safu zinafika tano au sita. Mguu wa cherehani unapanda mlima, unainama nyuma, sindano inapinda na kugonga bati. Si kosa la cherehani. Singer au Butterfly nyeusi ya kukanyaga inaiweza kazi hii. Gonga mshono kwa nyundo juu ya ubao hadi ulale, weka kipande cha jinzi kilichokunjwa nyuma ya mguu ili ukae sawa, zungusha gurudumu kwa mkono. Sindano namba 16 inatosha safu mbili. Kuanzia nne weka 18. Stichi iwe milimita 3 hadi 3.5, maana stichi fupi zinatoboa kitambaa mpaka kinachanika kama stempu. Uzi mnene weka juu tu, kwenye bobini uzi wa kawaida wa poliesta.

Kwenye bei, kosa kubwa ni kuhesabu suruali iliyotumika tu. Ukinunua suruali kumi, kisha tatu kati yake zikakataliwa baada ya kufuliwa, gharama ya zote kumi igawe kwa mikoba 14. Ongeza uzi, sabuni, bitana, na saa zako za kufumua, ambazo kwa mtu asiyezoea zinazidi za kushona.

Vile vipande vya goti, vikiwa bado vizima, vinatoa mfuko wa ndani wa simu. Vilivyokwisha vijaze kwenye mito.