Nilivyochagua vifaa smati vya nyumbani kwa kuvijaribu hukohuko dukani

Ushauri niliopewa na karibu kila mtu ni nichukue seti nzima ya vifaa smati (vinavyoendeshwa kwa simu) vya kampuni moja, taa, swichi, soketi, kamera, nifungiwe siku moja basi nimemaliza. Huu ushauri unanikera mpaka leo, kwa sababu anayekupa hakuulizi swali ambalo mtu wa Dar anatakiwa aulizwe kwanza kabisa: bando likiisha hiyo taa inawaka? Na umeme ukirudi saa nane usiku watu mmelala, hiyo soketi inarudi ikiwa imewaka au imezima?

Mimi naishi na mama, magoti yanamsumbua, halafu pampu ya kupandisha maji kwenye simtanki ipo nyuma ya nyumba. Nikiwa kazini yeye ndo anatoka kwenda kuiwasha na kurudi tena kuizima, mvua ikinyesha pale nyuma panateleza vibaya. Hiyo ndo shida niliyoenda nayo Kariakoo, sikuwa natafuta nyumba inayoongea.

Sasa dukani ndo nilifanya kitu ambacho najivunia. Nilienda na simu mbili, ile ya zamani nikaifanya hotspoti na kwenye settingi zake nikachagua 2.4 GHz (aina ya mawimbi ya Wi-Fi), maana vifaa vingi vya bei ya kawaida havioni 5 GHz kabisa (wa iPhone kuna sehemu kwenye hotspoti imeandikwa Maximize Compatibility, iwashe). Muuzaji akaniambia sista hii orijino, wewe nenda kaifunge nyumbani. Nikamwambia kaka yangu, mimi natoka mbali, naomba umeme wako hapahapa nichomeke mara moja. Akanuna kidogo ila akanipa ekstensheni. Nikachomeka soketi ya kwanza, nikabonyeza kitufe mpaka kataa kakaanza kupepesa harakaharaka, nikaiunganisha kwenye apu, ikawaka ikazima vizuri tu, muuzaji akaanza kutafuta mfuko wa kuniwekea. Nikamwambia subiri. Nikazima data kwenye ile simu ya hotspoti lakini hotspoti yenyewe nikaiacha inaendelea, na kwenye simu yangu nikazima data pia. Simu ikaniuliza hii Wi-Fi haina intaneti, unabaki? Nikasema nabaki. Nikabonyeza. Kimduara kikazunguka weee, mwisho ikaandika ofulaini, yani soketi ipo mbele yangu hapo mezani lakini amri ilikuwa inaenda mpaka seva huko duniani ndo irudi. Nikarudisha.

Nikaomba ya kampuni nyingine, nikarudia vilevile, data imezimwa, nikabonyeza nikasikia "ta!" ya rilei ndani (kiswichi kinachokata na kuunganisha umeme). Nikabonyeza tena, ta! Muuzaji mwenyewe akasogea kuangalia. Nikaichomoa kwenye umeme nikairudisha, nikaangalia imekumbuka nini. Kwenye apu kuna sehemu unachagua umeme ukirudi iwake, izime au ibaki ilivyokuwa, kwa pampu na pasi weka izime, usije ukaunguza nyumba. Ratiba nayo nikaijaribu palepale, nikaipangia iwake baada ya dakika chache bila intaneti na ikawaka. Ila jua kwamba saa inaichukua kwenye intaneti, kwa hiyo umeme ukikatika ukarudi na intaneti haipo, usiitegemee ratiba mpaka ipate mtandao tena. Bei ilikuwa elfu thelathini na kitu, ile iliyofeli ilikuwa ghali kuliko hii.

Kwenye pampu nako walinipa ushauri wa hatari. Eti chomeka tu, imeandikwa 16A. Pampu yangu ni HP 1, ambayo ni kama wati 750, ikishazunguka haina shida, ila mota inapoanza inavuta umeme mara kadhaa ya hapo, na vile vibati vya ndani ya rilei vinaweza kugandana. Vikigandana apu inakuambia imezima na huku pampu inaunguruma. Fundi wangu (mzee mmoja makini sana, hana maneno mengi) akaniwekea kontakta (swichi kubwa ya umeme ya kubeba mota), soketi smati inaamrisha koili ya kontakta tu, yani ile sehemu inayoivuta iwake na mzigo wa pampu unabebwa na kontakta yenyewe. Halafu boya la kwenye simtanki akaliunga kwenye njia hiyohiyo ya koili, maji yakijaa boya linakata hata kama simu yangu imezima charji. Tanki la chini nalo likawekewa boya lake ili pampu isije kuzunguka kavu. Kontakta na maboya na ufundi, sijui laki moja na ushee hivi. Mama sasa hivi hatoki, napandisha maji nikiwa ofisini, na kama intaneti ya nje haipo yeye anabonyeza kwenye simu yake akiwa sebuleni.

Taa ya koridoni ya usiku nilinunua ya sensa ya kawaida, haina Wi-Fi wala apu, akipita inawaka, na ndo kifaa ambacho mama anakisifia kuliko vyote. Kamera ya getini nikachukua inayorekodi kwenye memori kadi, sitaki ada ya kila mwezi, na ruta nikaiwekea kale ka-UPS kadogo (betri ya akiba umeme ukikatika), angalia tu chini ya ruta imeandikwa 9V au 12V kabla hujanunua.

Swichi smati za ukutani bado sijanunua. Fundi alifungua swichi moja ya kawaida ya sebuleni tukakuta waya mbili tu, nyutro (waya wa kurudisha umeme) haijashuka mpaka kwenye swichi, na nyumba nyingi zetu ziko hivyo. Zipo zinazofanya kazi bila nyutro ila balbu za LED zinaweza kubaki zinapepesa hata ukizima. Kwa hiyo kabla hujalipia, fungulisha swichi moja uhesabu waya, na kama ni mbili ulizia rilei ndogo ile inayofichwa juu kwenye taa, huko nyutro ipo.